Zuio la kutoka likiingia katikati ya utafiti wa dawa: kupiga simu au kusubiri?

Tuchukue jaribio la dawa ya safura, minyoo ya tumboni inayonyonya damu, kisiwani Pemba. Mtoto hunywa dawa, na baada ya wiki mbili hadi tatu choo chake hupimwa kwa darubini, mayai ya minyoo yahesabiwe. Sasa skuli zifungwe, kama Machi 2020 kwa ajili ya korona.

Kumpigia mzazi simu kunafaa kwa madhara: mama atasema kama mwanawe alitapika. Lakini mayai hayahesabiwi kwa simu. Na wasio na simu, wengi wao watu wa shamba, hutoka kwenye hesabu, jibu likabaki la wenye uwezo.

Kusubiri ndiko kunakonitia hofu zaidi. Mtoto akipimwa miezi kadhaa baadaye, huenda alipona kisha akaambukizwa tena kwa kutembea peku, na dawa nzuri ikaonekana haifai kitu. Hapo kosa ni la kalenda, si la dawa.

Mimi nachagua simu kwa madhara. Kwa mayai, mhudumu wa afya wa shehia aruhusiwe kufuata kopo la choo nyumbani na kulifikisha maabara upesi, maana mayai ya safura huharibika choo kikikaa; na kikishapakwa kwenye kioo cha darubini kisomwe mara moja, kwani humo huyeyuka ndani ya saa moja hivi. Atakayekosekana aandikwe, pamoja na sababu yake.