Mawigi ya bei nafuu mtandaoni: mawili yamenifaa, moja limenitia hasira

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kama mfuko wako ni mdogo, nunua wigi la nywele bandia ambalo muuzaji mwenyewe amekiri kuwa ni bandia, tena liwe fupi, na kofia yake ikutoshe. Tangazo linalokuahidi nywele halisi asilimia 100 kwa bei inayokaribiana na ya nywele bandia, lipite kama hukuliona. Nimeagiza ya aina zote mbili, nimeyavaa juani, kwenye manyunyu na mbele ya jiko, na yale yasiyojisifu ndiyo yaliyonistahi.

La kwanza ni la mkato wa bobu, inchi 10, rangi namba 1B, lina njia ya pembeni. Hizo namba za rangi zijue mapema, maana picha za wauzaji zimepigwa chini ya taa kali na zinadanganya. Namba 1 ni nyeusi tititi, ile ambayo juani hutoa kiwingu cha buluu na kumwambia kila mtu kwamba umevaa wigi. 1B ni nyeusi iliyofifia kidogo, karibu na nywele za wengi wetu. 2 na 4 ni kahawia, 27 ni rangi ya asali, na 613 ni ile ya dhahabu iliyokolea weupe. Mimi kwa wigi la bei nafuu sivuki 4. Rangi nyepesi kwenye uzi wa bandia inahitaji uzi mzuri sana, na uzi mzuri sana hauuzwi kwa bei hiyo.

Lilifika limebanwa bapa ndani ya mfuko wa plastiki, limefungwa wavu, lina harufu ya kiwandani. Usikate tamaa hapo. Nililitikisa, nikalitundika usiku kucha, na asubuhi mkato ulikuwa umerudi mahali pake. Kilichobaki ni kung'aa. Wigi jipya la bandia linang'aa isivyo kawaida, na kamera ndiyo inayolifichua zaidi. Nilipaka poda ya mtoto kidogo mno kwenye brashi ya kujipodolea, nikaipitisha juu juu, kisha nikapiga kitana. Baada ya kulifua mara ya kwanza kwa maji baridi yenye shampuu kidogo, na kuliacha likae kwenye maji yenye dawa ya kulainishia nguo, kung'aa kukapungua kwenyewe. Halikukamuliwa wala halikuwekwa juani. Nililifunga ndani ya taulo likanyonya maji, basi.

Wigi hili limenyonyoka kidogo sana. Ukiligeuza ndani unaona mistari ya nywele imeshonwa kwa cherehani, mshono wa pili juu ya wa kwanza, na hilo ndilo la kuangalia kwenye picha za wateja: ndani ya wigi, si nje. Kuna vitana viwili vidogo pembeni, kimoja nyuma, na mikanda ya kurekebisha. Vitana hivyo mimi nimevifumua vyote. Vinakula nywele za pembeni polepole, na kama nywele zako za malaika zimeshaanza kurudi nyuma, wigi la bei nafuu linaweza kukugharimu kuliko ulilolipa. Mahali pake nimeshona mkanda wa elastiki kutoka sikio hadi sikio kupitia nyuma. Hauhitaji gundi, na wigi halitingishiki hata nikiinama.

La pili ni la kitambaa mbele, lile lililoshonewa utepe mpana wa kufunga kwenye paji la uso. Wengine huyadharau. Kwangu mimi ndiyo mnunuo bora zaidi katika daraja hili la bei, na sababu ni ya kifundi. Sehemu ngumu kuliko zote kwenye wigi ni mwanzo wa nywele, pale kwenye paji. Ili paonekane pa kweli lazima nywele zifungwe moja moja kwa mkono kwenye lesi, kile kitambaa chembamba cha wavu, na kazi ya mkono haiwi ya bei rahisi. Wigi la kitambaa linaikwepa kazi hiyo yote: hakuna lesi, hakuna kudanganya, unatoa nywele zako kidogo mbele, unafunika kiungo kwa utepe, unatoka. Gharama iliyookolewa hapo inaenda kwenye ujazo, yaani wingi wa nywele.

Nililiagiza la mawimbi madogo, inchi 14, nikijua litafika fupi. Urefu wa wigi hupimwa nywele zikiwa zimenyooshwa. Za mawimbi laini hupungua kidogo, ila zile zilizojisokota sana zinaweza kupoteza theluthi nzima au zaidi. Langu linaishia juu kidogo ya bega. Nimeona wateja wakitoa nyota moja kwa kulalamikia jambo hili, na hapo kwa haki muuzaji hana kosa, labda kwamba angeliandika kwa herufi kubwa.

Ugonjwa wake uko shingoni. Nywele bandia ndefu zikisuguana na kola ya shati zinachakaa, zinasokotana na kufanya fundo moja gumu pale nyuma, huku sehemu nyingine bado mpya kabisa. Hii ndiyo sababu nasisitiza ufupi. Bobu halifiki kwenye kola, kwa hiyo linadumu. La inchi 24 linalala juu ya nguo kutwa nzima. Kwenye hili la mawimbi nilikata kwa mkasi nywele za ndani kabisa za shingoni, zile zisizoonekana, na mafundo yamepungua. Kitana ni cha meno mapana, kuanzia ncha kupanda juu, na kamwe si zikiwa zimelowa.

Uzi wake unastahimili joto, ndivyo walivyoandika, na ni kweli ila kwa mipaka. Uzi wa kawaida wa bandia haupendi joto kabisa. Mvuke wa sufuria au wa oveni ukifunguliwa ghafla unatosha kukunjamanisha nywele za mbele, na zikishakunjamana hazirudi. Huu wa kustahimili joto una kiwango chake, mara nyingi kati ya nyuzi joto 130 na 180, na kila kiwanda kina chake, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nalo. Pasi ya nywele isiyoonyesha nyuzi joto, yenye kuwaka na kuzima tu, usiikaribishe. Muuzaji anayetaja uzi kwa jina, mathalani Kanekalon, ule wa kampuni ya Kaneka ya Japani ambao wasusi wanaujua vizuri, kwangu anapata alama moja ya ziada. Anayeandika "uzi wa hali ya juu" hajasema kitu.

Sasa lile la tatu, lililonitia hasira.

Tangazo lilisema nywele halisi asilimia 100, inchi 20, ujazo wa asilimia 150, lesi ya 13 kwa 4. Bei ilinitia shaka kabla sijabonyeza, lakini nilitaka nione kwa macho yangu wanachotuma. Jina la duka nalihifadhi. Maduka ya namna hiyo hubadili majina kila mara na kulitaja hakutakusaidia.

Tuanze na lesi. 13 kwa 4 maana yake ni inchi 13 kutoka sikio hadi sikio na inchi 4 kwenda nyuma, ili uweze kupasua njia popote upendapo. Lililofika lilikuwa na lesi nyembamba mbele na mstari mmoja katikati, umbo la herufi T. Njia ni hiyo hiyo moja hadi wigi life. Mawigi ya T si mabaya na ni rahisi kwa haki, ila yauzwe kwa jina lake. Nikirudi kwenye ukurasa wa tangazo nikakuta picha ya nne, chini kabisa, kwa maandishi madogo, imechora hiyo T. Tangu hapo nikiona namba za lesi natafuta mchoro wa ndani ya kofia kabla ya kitu kingine. Hakuna mchoro, hakuna oda.

Nywele zenyewe siku ya kwanza zilikuwa laini ajabu, zinateleza mkononi. Ulaini huo ndio uliopaswa kutiliwa shaka. Nywele za binadamu zina magamba madogo yanayoelekea upande mmoja, kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Zikikusanywa bila mpangilio, shina na ncha zikichanganyika, magamba yanakwaruzana na nywele zinafungamana. Kiwanda cha bei rahisi hutatua hilo kwa kuyaondoa magamba kwa asidi na kuzipaka silikoni ziteleze. Silikoni inatoka kwa kufuliwa. Ndiyo maana sifa nyingi unazosoma zimeandikwa siku mzigo ulipofika, na ndiyo maana hazina thamani. Nywele zinazoitwa Remy ni zile ambazo magamba yake yameachwa na yameelekea upande mmoja, na hizo gharama yake inaanzia pale zinapokusanywa.

Nilichomoa nywele chache mbele, chache katikati na chache nyuma. Fanya hivyo, usichukue sehemu moja, kwa sababu wanaochanganya huweka nzuri pale mkono wako unapofika kwanza. Nikaziunguza kwenye mshumaa juu ya kisahani. Za mbele zilitoa harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa na kubaki majivu yaliyosagika vidoleni: za binadamu. Za nyuma zilijikunja, zikarudi nyuma zikiukimbia moto, zikaacha kipunje cheusi kigumu kisichopondeka. Plastiki. Yaani wigi la asilimia 100 lilikuwa mchanganyiko, na mchanganyiko ni balaa la pekee, kwa kuwa huwezi kuupiga pasi kama nywele halisi wala huwezi kuutunza kama bandia.

Ujazo wa asilimia 150 nao ulikuwa hadithi. 130 ndio unaokaribia kichwa cha kawaida, 150 umejaa kiasi, 180 na kuendelea ni wa kujionyesha. Nilipolifunga mkia, mistari ya kushonea ilionekana kisogoni kweupe.

Pesa nilirudishiwa sehemu, baada ya kubishana. Kilichonisaidia ni kwamba nilipiga video tangu kukata mfuko, nililipa kupitia soko la mtandaoni lenyewe badala ya kumtumia muuzaji moja kwa moja kama alivyokuwa akinibembeleza, na sikuikata lesi ile inayozidi mbele ya paji. Hilo la mwisho lizingatie sana. Mawigi huhesabiwa kama bidhaa za usafi wa mwili, na wauzaji wengi hawapokei lililovaliwa, lililofuliwa au lililokatwa lesi. Lijaribu juu ya kofia nyembamba ya ndani, lesi ikiwa nzima inaning'inia usoni, ujitazame hivyo hivyo kama kituko, halafu uamue.

Kuhusu yale majina, "ya Brazil", "ya Peru" na mengineyo: usiyalipie. Mara nyingi ni majina ya mwonekano tu, mawimbi ya namna hii au ile, na si cheti cha mahali nywele zilikotoka. Sehemu kubwa ya mawigi duniani hutengenezwa China, na mji wa Xuchang mkoani Henan umejijengea jina kwa kazi hiyo.

Pima kichwa kabla ya kuagiza. Zungusha futi ya kushonea kuanzia mwanzo wa nywele mbele, nyuma ya sikio, chini ya kisogo, rudi upande wa pili. Kofia ya wastani ni kama inchi 22 hadi 22.5. Pima ukiwa umeshasuka matuta utakayoyavaa chini yake, maana matuta manene yanaongeza kipimo, na kofia inayobana inapanda yenyewe mchana kutwa hadi unakuwa na paji la uso la mtu mwingine.

Kwenye maoni ya wateja naanzia nyota tatu. Wa nyota tano wamefurahi tu, wa nyota moja wengi wanagombana na msafirishaji. Wa nyota tatu ndio wanaokueleza kwamba ni zuri ila linanyonyoka, au kwamba rangi imekolea kuliko picha. Na angalia kama picha ya mteja ni ya urefu unaoutaka wewe: ukurasa mmoja huuza kuanzia inchi 10 hadi 30, na maoni yote yamemwagwa kapu moja.

Bobu nalipa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya vile vitana. La kitambaa nne na nusu. La tatu nusu nyota, kwa sababu mfuko wake ulikuwa mzuri na bado nautumia. Sasa nasaka bobu jingine kama la kwanza kwa namba 4. Muuzaji ananiambia inchi 10 imekwisha na ananishawishi nichukue la inchi 24 kwa bei ile ile. Nimemwambia nitasubiri.