Mkeka wa Ukili au wa Plastiki kwa Kliniki ya Watoto

Hapa kwetu Pemba, mama anayengojea zamu kliniki mara nyingi hukaa chini na mwanawe, kwa hiyo mkeka una umuhimu kuliko kiti. Wa ukili, yaani wa majani yaliyosukwa, haushiki joto na ni fahari yetu, lakini mtoto akiutapikia, uchafu hupenya ndani ya misuko, na hata ukianikwa juani kutwa hautakati sawasawa. Wa plastiki hunata mapajani wakati wa joto, nakiri. Ila huoshwa kwa sabuni kwanza, kwani klorini, dawa ya kuua vijidudu, hupoteza nguvu juu ya uchafu, kisha hupakwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, yakaachwa dakika 10 na kusuuzwa. Kwa watoto wanaotambaa na kutia vidole mdomoni, nachagua plastiki.