Nimeuza pikipiki yangu ya Boksa nimechukua Honda XR150, miezi saba sasa na haya ndo niliyoyaona

Kwanza kabisa sitaki mtu aitukane Boksa mbele yangu. Boksa BM100 ndo iliyonifundisha pikipiki, nliinunua sijui hata kuachia klachi, kila nikiondoka inaruka kama mbuzi halafu inazima, watoto wa mtaani wanacheka. Nimefungia watu sola nayo miaka mitano, Nanyamba, Tandahimba, Kitangari huku mkoani Mtwara, paneli nyuma zimefungwa kwa mipira ya tyubu na betri nimeikalisha juu ya tenki naiegemea kwa kifua. Na haikuwahi kunilaza njiani. Oili, cheni, plagi, basi, na hata ikiharibika kila kijiji kina fundi anaijua na spea zipo mpaka dukani kwa muuza sukari.

Sasa kwanini niliiacha. Mizigo iliongezeka. Kuna siku tunatoka Masasi kupanda Newala, mi na kijana wangu wa kazi na betri mbili na begi la vifaa, kufika kwenye mlima gia ya pili ikakataa, nikatia moja ikawa inalia tu haiendi, nikamwambia dogo shuka utembee kidogo. Akashuka akatembea, akanipita. Nimemkuta juu amekaa kwenye jiwe anakula korosho ananisubiri. Siku hiyo ndo nikajua hapa tumefika mwisho mi na Boksa.

Nikatafuta Honda XR150L iliyotumika, nikaipata Dar, ikaja Mtwara juu ya Fuso. Bei sitaji ila jua ni zaidi ya mara tatu ya hela niliyouzia Boksa, kwahiyo jipange. Cc 149, gia tano, ina stata na kiki vyote, breki mbele diski nyuma ngoma, tenki la lita 12.

Siku ya kwanza nikaiangusha. Na wala sikuwa natembea, nlikuwa nimesimama sheli nasubiri chenji! Siti yake iko milimita 825 kutoka chini na mi sio mrefu, nimezoea Boksa nakanyaga nyayo zote mbili, huku nagusa kwa vidole kama namchungulia mtu dirishani. Ikaegemea upande wa kulia, nikasema naizuia, kilo 129 hazizuiliki ndugu yangu zikishaamua kwenda. Boda wa pale walicheka mpaka mmoja akaja kunisaidia kunyanyua huku bado anacheka. Kwahiyo wafupi wenzangu, jifunze kusimama na mguu mmoja wa kushoto, wa kulia uko kwenye breki, na uchague pa kusimama mapema, usisimame penye shimo.

Kitu cha pili ambacho hakuna aliyeniambia ni breki ya mbele. Boksa yangu ilikuwa na ngoma mbele, unaiminya mkono mzima na inasimama ikijisikia. Mkono ukazoea hivyo. Sasa wiki ya pili naenda Msimbati, ukishapita Madimba si unajua ule mchanga, kuku akakatiza, nikaminya diski kama nlivyozoea, tairi la mbele likalala na mimi nikalala. Sikuumia zaidi ya kiwiko, indiketa ndo ikaenda. Toka siku hiyo natumia vidole viwili tu mbele, na kwenye mchanga nategemea ya nyuma na kushusha gia. Huu mkono inabidi uufundishe upya kabisa, usidhani kwasababu umeendesha miaka mitano unajua.

Ukishavuka hapo sasa ndo raha inaanza. Lami toka Mtwara mpaka Mnivata kilomita 50 hata Boksa inatamba, sina la kusema. Mbele ya hapo kwenye ujenzi na michepuko (ya barabara jamani) ndo utaelewa hela yako imeenda wapi. Gurudumu la mbele ni inchi 19, shokapu ya mbele ndefu, ya nyuma ni moja tu katikati, na uvungu unazidi sentimita 24, yani yale makorongo ambayo nlikuwa nashuka naikokota, hii nasimama kwenye vikanyagio naachia magoti yalegee, inapita. Mgongo hauumi tena. Newala kwa mzigo uleule na dogo nyuma, nimepanda na gia ya pili, dogo akaniambia leo sitakula korosho.

Ila usije ukadanganywa ni pikipiki ya mbio. Barabara ya Lindi, 80 inatulia vizuri, ukiisukuma 100 inafika lakini inalalamika, na ukipishana na malori ya simenti upepo bado unakutikisa, tena iko juu kwahiyo upepo unaipata vizuri tu. Mafuta nayo, Boksa lita moja nlikuwa naenda 55 mpaka 60, hii napata 38 nikiwa mpole. Kwa tenki moja Masasi naenda na kurudi, hilo sina shida nalo, shida ni mfukoni.

Kinachoniudhi kweli ni spea. Tairi na tyubu za inchi 19 hapa mjini ni shughuli, maduka yote yamejaa saizi za boda. Tyubu ya mbele ilichanika, duka moja (nisilitaje) jamaa akaniuzia ya 18 akaniapia inaingia hiyo hiyo, kweli imeingia, siku ya tatu imepasuka kwenye mshono niko Naliendele saa moja usiku na mbu. Ukinunua hii pikipiki agiza tyubu mbili na kebo ya klachi siku hiyohiyo, weka ndani, usisubiri.

Leseni pia angalia, daraja A1 linaishia cc 125, hii inataka A. Trafiki wa Mikindani alinielewesha kwa upole mara ya kwanza, sikusubiri mara ya pili.

Halafu kuna hili, vijijini pikipiki za namna hii wanazijua ni za miradi na maofisa ugani. Sasa nikiingia kijijini wazee wananipokea "karibu bwana shamba, salfa ya mikorosho inakuja lini?" Nawaambia mi fundi sola, wanatingisha kichwa, wanaona nawakwepa. Mzee mmoja alinionyesha mikorosho yake yote kabla hajaniruhusu nipande juu ya bati.

Kama kazi zako ni Chikongola, Ligula, Shangani, stendi na kurudi, baki na Boksa yako, hii utaibeba bure. Kama unatoka nje ya lami kila wiki na una mzigo, chukua, mi sirudi nyuma.

Ila ile wiki nasubiri tyubu kutoka Dar kwenye basi nlikuwa natembelea boda. Siku ya pili napunga mkono, inasimama Boksa, naangalia namba, ni yangu. Niliyemuuzia keshaiuza tena, dogo mwingine kabisa anaiendesha, kaweka stika na taa za rangi kila mahali lakini honi ni ileile nliyofunga mimi. Nikapanda sikusema kitu. Tunakaribia tuta nikamwambia dogo punguza, hapa inagonga eksozi ukiwa na abiria.

Akageuka. "Bro umejuaje?"

Nauli ilikuwa buku, nikampa buku mbili.