Darasa la falsafa la Jumamosi: nimelipia tena

Nilimwandikisha binti yangu wa gredi ya 6 shingo upande. Falsafa? Kwa mtoto ambaye kutandika kitanda tu ni kesi? Lakini shilingi 400 kwa kipindi si pesa ya kulilia.

Mtindo wao ni ule wa Mmarekani Matthew Lipman, wa miaka ya 1970: watoto wanakaa duara, wanasoma kisa kifupi, wanatunga maswali wenyewe, kisha wanapiga kura lijadiliwe lipi. Siku niliyoketi nyuma lilishinda hili: “Wengi wakikubaliana, wanaweza kukosea?” Kijana mmoja akasimulia walivyopiga kura kumtoa mwenzao timuni kwa sababu ya viatu vilivyotoboka. Kimya. Binti yangu, ambaye nyumbani hukatiza kila mtu, akangoja apewe mpira wa sponji (asiye nao hasemi) ndipo akajibu: “Mimi pia nilishawahi kupiga kura kama hiyo. Nilikosea.” Nikatazama dari.

Mtaala wa umilisi unataja uraia kati ya umilisi wake 7, ila daftari la shule la binti yangu limejaa maana za kukariri tu.

Kasoro zipo. Watoto 24 kwa mwalimu mmoja ni wengi mno. Wapole huondoka hawajafungua kinywa. Wiki ya 3 mwalimu wa zamu alijiuliza na kujijibu kama mhubiri. Na saa nne yao ni saa nne u nusu.

Jana usiku binti kaniuliza sababu ya kulala saa tatu. “Kwa sababu nimesema” haikupita.