Nilitafuta Tanga, nikaletewa matango

Nyota moja. Natoa hukumu kwanza hasira zikiwa bado za moto, maana najijua, zikipoa nitaanza kuwatetea.

Jina lao silitaji. Ni ile hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya zamani ya Uingereza, ya kulipia, inayojigamba kuwa na mamilioni ya kurasa. Walimu wenzangu wa historia mnaijua. Mie nafundisha sekondari hapa Tanga mjini, na kila nikifika kwenye Vita Kuu ya Kwanza huwa naona aibu. Kitabu tunachotumia kinaipita Vita ya Tanga mbio mbio kama basi lisilo na abiria wa kushuka, na huku darasani kwangu yumo mtoto anayeishi Ras Kasone, kule kule waliposhukia wale askari mwaka 1914. Alikuwa hajui. Na hakuna aliyewahi kumwambia, mimi nikiwemo.

Basi nikasema mara hii kitabu tunakiweka pembeni, tunasoma magazeti. Wanafunzi nikawagawa makundi, swali likawa moja tu: wiki ile ya Novemba 1914, mtu wa London akinywa chai yake, alisoma nini kuhusu Tanga?

Swali lenyewe lilikuwa mtego. Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 wakapigana, nyuki wakaingilia kati, wakauma bila kuuliza nani wa nani, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki na marundo ya risasi. Aibu ya namna hiyo nani ana haraka ya kuitangaza? London kulikuwa na ofisi ya kuchuja habari za vita tangu Agosti mwaka ule ule. Kwa hiyo nilitaka watoto watafute, wakose, halafu wajiulize kwa nini wamekosa. Kukosa kwenyewe ndiyo ilikuwa somo.

Sasa kukosa ni kukosa, lakini siyo hivi.

Nililipa kwa pauni, pesa yangu, kwa kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye simu. Bando langu pia. Kundi la kwanza likakaa mbele ya kompyuta ya chumba cha TEHAMA, binti akaandika T-A-N-G-A, mwaka 1914, akabonyeza. Matokeo yakaja mengi mpaka darasa likapiga makofi. Tukafungua la kwanza. Tango. La pili, tango. La tatu, chai ya mchana pamoja na tango, hoteli fulani, viatu nadhifu.

Kijana mmoja nyuma, mkorofi lakini ana akili, akanyoosha mkono. "Madam, kwani Waingereza walikuwa wanatangaza matango gazetini wakati wa vita?"

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mie mwenyewe nilicheka, sikatai. Ikabidi nieleze kwamba tango hilo si la kachumbari, ni dansi iliyotoka Argentina na kuwapagawisha watu wa London miaka ile kabla tu ya vita. Dakika kumi na tano zikaishia kwenye dansi. Kundi la pili, tango. Kundi la tatu likaongeza neno "Afrika" likapata bwana mmoja anauza manyoya ya mbuni. Kipindi kwisha.

Nilipouliza kwa mwalimu wa TEHAMA akanieleza kinachotokea. Kurasa hizi nyingi zilipigwa picha kwenye filamu ndogo zamani, kisha filamu zikapigwa picha tena, halafu mashine ndiyo ikasoma herufi. Wino ukiwa umevuja, "a" inageuka "o", "n" inageuka "u". Juu ya hapo kisanduku cha kutafutia kinajifanya msaidizi, kikidhani umekosea kinakuletea neno linalofanana. Sawa, nimeelewa. Mashine nimeisamehe.

Binadamu ndiye sijamsamehe. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa heshima zote, nikajitambulisha kuwa ni mwalimu, nikaeleza somo, nikauliza kama kuna namna ya kukizuia kisanduku kisibahatishe. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, mistari miwili: hakikisha tahajia yako, je, huenda ulimaanisha Tonga?

Tonga! Mie nimezaliwa Ngamiani, nafundisha Chumbageni, cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Tanga, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti huko ananifundisha tahajia ya mji wangu na kunipeleka visiwani Pasifiki. Na hao ndio waliokuja hapa na meli zao wakaondoka bila bunduki! Nilisahau salamu, nilisahau Kiingereza cha adabu. Barua ya pili niliyowaandikia siirudii hapa, wanafunzi wangu wanaweza kusoma.

Sasa mbona narudi nyuma. Nimesema nitaanza kuwatetea, haya.

Wiki iliyofuata niliacha kisanduku kabisa, nikawaambia watoto tufungue gazeti la tarehe moja, tuligeuze ukurasa kwa ukurasa kama tumelinunua sokoni. Hapo jamani ikawa kitu kingine. Ukurasa wa mbele matangazo matupu. "Madam, habari wamezificha ndani?" Hapana, ndivyo magazeti mengi ya kule yalivyokuwa, The Times liliendelea na mtindo huo hadi 1966. Ndani wakakuta sabuni na vita vimepanga nyumba moja. Wakakuta orodha za maofisa waliokufa, jina kwa jina, na cheo. Yule wa matango, yule yule, akakaa kimya muda mrefu halafu akauliza wapagazi wao waliandikwa ukurasa gani. Sikumjibu. Nilimwambia aendelee kugeuza.

Kwa kipindi kile pekee natoa nyota nne. Tatu na nusu, kwa sababu umeme ulikatika.

Lakini kama nyie hamna pesa ya kuchezea, kuna za bure, na hili linanirudisha kwenye hasira. Maktaba ya Serikali ya Berlin imeweka Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi lililochapwa humu nchini kuanzia 1899 hadi 1916, bila senti. Herufi zake zimejisokota kama mizizi ya mkoko na Kijerumani sijui, ila angalau hakuna aliyeniuliza kuhusu Tonga. Maktaba ya Taifa ya Australia nayo ina hifadhi yake ya mtandaoni, Trove, bure vile vile, na pale mashine ikikosea unasahihisha wewe mwenyewe. Binti mmoja alikuta "Tauga", akaifuta, akaandika "Tanga". Akanigeukia: "Kwa hiyo sasa dunia nzima inaona nilichoandika mimi?" Ndiyo mwanangu, dunia nzima. Siku ile hakutaka kwenda mapumziko.

Nikawaambia pia kwamba mji huu huu ulikuwa na gazeti lake la Kiswahili enzi za Mjerumani, Kiongozi, lililotoka kwenye shule ya serikali ya hapa Tanga. Wakadhani natania.

Haya, hukumu. Nyota mbili. Kurasa zao ni dhahabu, kisanduku chao ni kichekesho, na yule wa huduma kwa wateja anahitaji ramani. Leo asubuhi wamenikata tena pauni zao bila kuniuliza, kumbe usajili unajirudia wenyewe, kwa hiyo ni moja na nusu. Ningeweza kusitisha. Sijasitisha, kwa sababu Ijumaa ni zamu ya kundi la nne, na wamekuja na hila yao: wataandika "tango" makusudi, waone kama safari hii watapewa Tanga.