Seti ya picha zilizopinda: kadi tamu, duara limekosewa

Wiki mbili sasa seti hii ya anamofosi, yaani picha zilizopindishwa makusudi ambazo hunyooka ukizitazama kwenye kioo au kutoka pembeni, haijaondoka mezani kwangu. Ndani ya boksi kuna kioo cha silinda kinachosimama kama kopo, kadi 12 za rangi, karatasi za kuchorea mwenyewe na kijitabu.

Kadi hazina lawama. Ukiitazama kadi hivi hivi unaona rangi zimechuruzika tu, kama mtu kamwaga mchuzi. Simamisha kioo kwenye duara lake, inama kidogo, farasi huyo anaibuka, kwato na singa zote. Mwanangu alipomwona alichungulia nyuma ya kioo kumtafuta.

Kadi moja ni ya fuvu, na hapo kijitabu kimeteleza. Kinamtaja mchoraji Hans Holbein na picha yake ya Mabalozi ya mwaka 1533, kana kwamba nayo hutazamwa kwa kioo. Wapi! Lile fuvu refu lililolala miguuni pa mabwana wawili halitaki kifaa chochote. Unasogea mpaka ubavuni mwa picha, upande wa kulia, unalitupia jicho la pembeni, nalo linajikunja na kuwa fuvu kamili. Picha iko London, National Gallery.

Nilichonunulia hasa ni karatasi za kuchorea. Zina mistari ya pinde na miale: mchoro wako unaugawa kwa miraba, kisha kila mraba unauhamishia kwenye kipande chake kilichopinda. Kichwa kinakwenda mbali na kioo, miguu inabaki jirani na kitako chake. Nikachora paka. Masikio karatasini yalikuwa mapana kama ungo, nikajua nimeharibu. Kuweka kioo, paka huyo ananikodolea macho. Ila hana nyayo!

Nikapima. Duara lililochapishwa ni dogo kuliko kitako cha kioo kwa milimita tatu hivi, kwa hiyo nyayo zimekaliwa na kioo. Nilipomwandikia muuzaji aliniambia nisogeze kioo nyuma. Nilisogeza, nyayo zikatokea, uso ukapinda. Mwishowe nilichukua bikari nikachora mistari yangu upya, nikiuzungushia wino kitako chenyewe ili kipimo kisidanganye.

Na kama utaandika jina, liandike kinyume, maana kioo ni kioo. Kijitabu hakigusii hilo, nami nimeshapoteza karatasi mbili.

Nyota tatu. Ya nne ninayo mfukoni, wataipata wakichapa duara linaloenea kioo chao.