Nilikodi Ndege Ndogo Songwe, Mama Mdogo Akabaki Chini

Siipendekezi kampuni hii ya kukodisha ndege ndogo. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitamsifu mtu mmoja anayeifanyia kazi, na nisingependa sifa hizo zifunike alichotendewa mama yangu mdogo mbele ya watu katika Uwanja wa Ndege wa Songwe.

Ninaishi Afrika Kusini, na huko ndiko nilikopata leseni ya urubani binafsi, ile isiyoruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Leseni hiyo peke yake haitoshi kurusha ndege iliyosajiliwa Tanzania. Lazima kwanza itambuliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo, nilipokuja likizo Mbeya kuelekea mwisho wa kiangazi, nilikodi ndege ya watu wanne pamoja na mwalimu wao wa urubani, niruke nikiwa chini yake. Abiria walikuwa binamu yangu na mama mdogo, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Tukuyu, ambaye ameutazama Mlima Rungwe kutoka chini maisha yake yote na alitamani sana kuuona kutoka juu.

Tulikubaliana kuruka asubuhi, na nilikuwa na sababu. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto likipanda huzidi kuwa nyepesi. Siku yenye nyuzi 26, injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uwanja uko mita 2,000 na ushei: nguvu hupungua, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikishanyanyuka hupanda kwa shida. Viwanja vya Johannesburg navyo viko juu, na walimu wangu wa huko walinisisitizia tangu mwanzo kwamba uzito wa mtu hupimwa, haukisiwi kwa macho. Ndiyo maana nilimpeleka mama mdogo zahanati akapimwa, nikaandika kilo zetu sote kwenye karatasi na kuikunja.

Kijana wa kaunta alifika jua likiwa limekwisha kupanda. Hakumwamkia mama mdogo. Nilipomkabidhi karatasi ile, aliifungua na kuisoma kwa sauti, kilo za mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa mama mdogo aliirudia namba mara ya pili, akacheka, akawageukia watu waliokuwa wamekaa wakisubiri ndege ya Dar es Salaam.

“Kaka, hapa si Sauzi,” akaniambia. “Hapa hatupimi watu kama magunia ya viazi. Mama, wewe panda tu, ndege itajijua.”

Ndege haijijui! Ndege hujuliwa na anayeirusha, na anayeirusha hujua kwa hesabu. Lakini hata hilo lingesameheka kama angelisema kwa heshima. Mama mdogo, aliyewafundisha kusoma watoto wa mtaa wetu na kisha watoto wa hao watoto, alivuta mtandio wake mabegani akasema, “Mwanangu, nendeni ninyi. Mimi nitawasubiri.”

Mwalimu wao alipofika alimwamkia, akamwomba radhi kwa kosa lisilo lake, akakaa chini kupiga hesabu. Sote wanne, kwa mafuta yale na joto lile, tulikuwa tumezidi. Akapendekeza mizunguko miwili mifupi, abiria mmoja mmoja. Jibu lilikuwa rahisi hivyo, na kijana wa kaunta angeweza kulitoa kwa sauti ya chini bila kumwaibisha mtu. Mama mdogo alikwisha kukataa.

Haki yake mwalimu huyo nampa. Petroli ya ndege huletwa kwa mapipa kutoka mbali, basi aliikinga kwenye kichupa kutoka kila tangi, akaangalia rangi yake ya buluu na kutafuta maji chini, kisha akanitaka nami nirudie. Tulizunguka kwanza tukipanda juu ya bonde, na tulipoikaribia Milima ya Uporoto alinielekeza niikabili kwa mshazari, ili upepo ukitusukuma chini tuweze kugeuka kirahisi kuelekea kwenye nafasi. Tuliona Ziwa Ngosi ndani ya kuta zake za msitu, kisha Rungwe yenyewe, karibu mita 3,000, ikiwa wazi bila wingu. Sijawahi kuruka na mwalimu makini kuliko yeye, na pale juu nilikuwa tayari kabisa kuwapa alama zote.

Tuliporudi nilipeleka malalamiko kwa wakubwa wa kampuni. Nilijibiwa kwamba katika kumbukumbu zao imeandikwa kuwa abiria mmoja aliahirisha safari kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Mtu anatangaziwa kilo zake ukumbini, anachekwa, anaondoka na machozi, halafu anaandikiwa hiari. Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi na kila mara hasira hunipanda upya.

Ukitaka mtu wa kuruka naye katika milima hii, mtafute mwalimu yule, na kama kuna njia ya kumpata bila kupita kaunta ile, ipite. Mimi nimeanza kuulizia utaratibu wa kutambuliwa kwa leseni yangu, nitakodi kwingine, na mama mdogo atakaa kiti cha mbele.